Je, Wajua? Rwanda kwa Gari, Wikiendi kwa Wikiendi

Je, wajua kwamba Rwanda nzima ina kilomita za mraba 26,338 tu? Tanzania inaizidi zaidi ya mara 35. Kaunti ya Marsabit peke yake, kule Kenya, inaizidi zaidi ya mara mbili. Lakini ndani ya kieneo hicho mna mlima wa volkano wa mita 4,507, msitu mkubwa wa mvua, mbuga yenye simba na faru, ziwa lenye kina cha karibu mita 480, na mabonde ya mpunga yenye joto la kutosha kukufanya utafute kivuli saa nne asubuhi. Kwa familia yenye gari dogo, watoto wawili watatu na siku mbili za mapumziko, sijui nchi nyingine katika ukanda wetu inayotoa mengi namna hii kwa mafuta machache namna hii.

Je, wajua kwamba nchi hiyo haina reli hata kilomita moja? Kila kinachokwenda mkoani, kuanzia viazi, saruji, wanafunzi hadi maharusi, kinapita barabarani. Ndiyo maana barabara kuu zinatunzwa, na ndiyo maana kusafiri kwa gari ndiko kuiona nchi yenyewe.

Na je, wajua kosa la kwanza la wageni? Wanatazama ramani, wanaona kutoka Kigali hadi Rusizi ni kilomita mia mbili na kitu, wanasema, "Saa tatu tumefika." Hufiki. Ni saa tano, pengine sita, kwa sababu barabara haiendi mbele tu, inapanda, inashuka na kuzunguka vilima. Hata Musanze, ambako hakufiki kilomita 100 kutoka Kigali, kunakula karibu saa mbili. Piga hesabu ya kilomita 40 kwa saa, na wikiendi moja iende upande mmoja tu wa nchi. Anayetaka kumaliza Rwanda nzima Jumamosi na Jumapili atarudi na watoto waliolala njia nzima au waliotapika njia nzima. Wenye matumbo mepesi wakae karibu na dirisha, wasitazame simu kwenye kona, wapewe kipande cha tangawizi, na gari lisimame kila wanapoomba.

Je, wajua kwamba ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara unabadili upande wa barabara na saa kwa mpigo mmoja? Tanzania tunapita kushoto, Rwanda wanapita kulia. Saa nazo zinarudi nyuma: saa nne asubuhi ya Ngara ni saa tatu asubuhi ya Kirehe, ng'ambo ya daraja. Familia iliyotoka Benaco, kule Ngara, mapema inajikuta imepewa saa moja ya ziada, ingawa italirudisha deni hilo siku ya kurudi.

Kubadili upande si jambo la kuchukulia kirahisi. Njia iliyonyooka haina shida. Shida iko kwenye kipilefti, ambapo sasa unaingia kwa kulia, na pale unapotoka kituo cha mafuta, mazoea yanapokuvuta upande wa nyumbani. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliwazi kabla ya safari. Gari letu lina usukani kulia, kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori kule Rwanda huoni kinachokuja mbele. Anayeona ni abiria wa kiti cha mbele, upande wa kushoto. Basi kiti hicho akae mtu mzima asiyesinzia. Mama akisema "subiri", subiri.

Je, wajua kwamba Rusumo ni maporomoko kabla ya kuwa mpaka? Mto Akagera, sisi tunauita Kagera, unabanwa na mawe na kuanguka hatua chache tu kutoka darajani. Siku hizi maji hayo yanazalisha megawati 80 za umeme zinazogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji kilizinduliwa mwaka 2016, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu zaidi ya 200,000 walivuka hapo kwa muda wa siku moja hivi, kwa miguu, wakikimbilia Ngara. Wazee wa Ngara wanaokumbuka siku hiyo wapo hadi leo, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuelezwa habari hiyo pale pale darajani, kwa utulivu, kabla ya kuendelea na safari.

Hati? Mkenya na Mganda wanaingia kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania beba pasipoti au hati ya kusafiria ya muda. Kila mtoto awe na hati yake, na kama mzazi mmoja hayupo safarini, vyeti vya kuzaliwa vikae karibu. Gari nalo liwe na bima ya nje ya nchi, ile inayojulikana kama kadi ya njano ya COMESA, maofisa wanaiulizia.

Na mifuko ya plastiki iache nyumbani! Rwanda waliipiga marufuku mwaka 2008, miaka tisa kabla ya Kenya na kumi na moja kabla ya Tanzania. Karanga na maandazi ya njiani yatie kwenye makopo au bahasha za karatasi.

Je, wajua kwamba ukipita mpaka tu, pale Nyakarambi wilayani Kirehe, unaweza kuona sanaa inayotengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe? Inaitwa imigongo. Simama, ushushe watoto, kwa sababu hapa wanaruhusiwa kuuliza maswali yote. Fundi, mara nyingi mama wa makamo, anachanganya kinyesi kibichi na majivu mpaka harufu inakufa na wadudu hawakitaki tena. Mbele yake kuna ubao uliochorwa mistari kwa mkaa. Anachota donge dogo, analibandika juu ya mstari, kisha analivuta kwa kidole gumba na cha shahada mpaka linasimama kama tuta jembamba, refu, lisilo na mahali penye unene kuliko pengine. Msumari haugusi kitu hapo, wala rula. Ubao ukikauka unasuguliwa hadi kingo zinakuwa laini, ndipo unapakwa rangi: nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo, kwa michoro ya pembe na mizunguko inayopokezana. Zamani michoro hiyo ilikuwa ukutani ndani ya nyumba za watu wa Gisaka, ufalme wa zamani wa eneo hilo, na simulizi za huko zinamtaja mwana wa mfalme aitwaye Kakira kuwa ndiye aliyeianzisha. Ukimwomba fundi kwa adabu, atampa mtoto donge ajaribu. Tuta la mtoto litapinda, lakini kuanzia hapo hatauona tena ubao wa imigongo dukani bila kujua kazi iliyomo.

Je, wajua kwamba Hifadhi ya Akagera ilianzishwa mwaka 1934, ikapoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake miaka ya 1990 wakimbizi waliorejea walipohitaji mahali pa kuishi na kulisha mifugo? Simba waliuawa wote kwa sumu. Faru nao wakatoweka. Simba saba waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, faru weusi 18 mwaka 2017, na faru weupe 30 mwaka 2021. Uzio wenye umeme wa jua wa kilomita 120 unatenganisha wanyama na mashamba ya jirani.

Hapo gari lako mwenyewe linaruhusiwa kuingia, na lango la kusini liko kama saa mbili na nusu kutoka Kigali. Kwa familia yenye watoto wadogo nashauri msianze kwa kuwatafuta simba. Anzeni na boti ya Ziwa Ihema, la pili kwa ukubwa nchini baada ya Kivu. Viboko wako pale, mamba wako pale, ndege wako kwa mamia, na mtoto wa miaka sita hana haja ya kukaa kimya saa nne akitazama nyasi.

Je, wajua kwamba Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi kwa saa za Rwanda, nchi nzima inatoka kwenye umuganda, kazi za pamoja za mtaa? Maduka yanafungwa, mabasi yanasimama, na polisi watakuuliza unakwenda wapi. Panga kufika unakolala Ijumaa usiku, au ondoka Jumamosi baada ya saa tano. Lakini kuna njia ya tatu ambayo wachache wanaitumia: kama mmelala mtaani kwa jamaa, chukueni jembe mwende nao. Mgeni anakaribishwa, na baada ya kazi kuna kikao ambapo majirani huzungumza mambo ya mtaa wao. Watoto wetu wameona wanyama wa kutosha kwenye televisheni. Mtaa mzima ukisafisha mtaro kwa pamoja ni jambo geni zaidi kwao.

Jijini Kigali, mara mbili kwa mwezi siku ya Jumapili asubuhi, barabara kadhaa kubwa hufungwa kwa magari ili watu wakimbie, waendeshe baiskeli na wacheze. Mpango huo ulianza 2016. Ukiwakuta wanakimbia, egesha ujiunge.

Je, wajua kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017? Nenda Biryogo na Nyamirambo usikie, ingawa huko kilizungumzwa miongo mingi kabla ya sheria kupitishwa. Ni mitaa ya Waislamu wa zamani wa Kigali, ya mafundi magari, madereva na wauza nguo, na barabara za Biryogo zilizopakwa rangi hazipitishi magari tena. Zimejaa meza na viti. Chai yao ina viungo, chapati ni nene, samaki wanachomwa mbele yako. Usishangae muuzaji akianza na "Karibu mzee, karibu mama, kaeni, watoto wapewe nini?" kama vile mko Kariakoo.

Kigali ina sehemu mbili tulivu ambazo watoto wanazipenda kuliko maduka. Moja ni Nyandungu, bustani iliyofufuliwa kwenye ardhi oevu yenye hekta zaidi ya 120 na njia za kutembea na za baiskeli, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022. Nyingine ni Umusambi, makazi ya korongo taji waliookolewa kutoka majumba na mahoteli walikofugwa kama mapambo. Wengi wao mbawa zao zilikatwa au kuvunjwa, hawawezi kuruka tena. Wanatembea majanini, mtoto anawaona hatua chache mbele yake, na kilichowapata anaelezwa waziwazi.

Kuhusu Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari pale Gisozi, walikozikwa watu zaidi ya 250,000, nitasema wazi ninavyoona: vijana wa sekondari waende, wadogo wasubiri. Ndani mna chumba cha watoto waliouawa, chenye picha zao na maelezo mafupi ya kila mmoja, walichopenda kula, walichopenda kucheza. Mzazi ajue hilo kabla ya kupita mlangoni. Na kijana akitoka asipewe ratiba nyingine siku hiyo.

Tena, ratiba ya mwaka izingatie hilo. Tarehe 7 Aprili inaanza wiki ya maombolezo ya taifa. Muziki wa starehe hunyamazishwa, sherehe huahirishwa. Si wakati wa kupeleka familia kutalii.

Je, wajua kwamba mabasi ya abiria Rwanda yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa? Na wewe mwenye gari binafsi usidhani umeachwa huru. Kamera za mwendo ziko barabarani, nyingine hazionekani kabisa. Tazama vibao, kwa sababu kikomo kinabadilika kila unapoingia kijijini. Polisi wana kampeni yao ya usalama barabarani inayoitwa Gerayo Amahoro, yaani ufike salama, na wanaisimamia kwelikweli.

Bodaboda wao hubeba abiria mmoja tu, naye amevaa helmeti. Baba, mama na watoto wawili kwenye pikipiki moja hutawaona.

Baiskeli je? Hizo utaziona mpaka uchoke. Zinapanda vilima zikiwa na ndizi, madumu ya maziwa, magunia ya viazi, wakati mwingine kitanda kizima. Kutoka katika vilima hivyo ndiko alikotoka Adrien Niyonshuti, Mnyarwanda aliyeshindana baiskeli kwenye Olimpiki, mwaka 2012. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Wanaume waliendesha kilomita 267.5, wakapanda jumla ya mita zaidi ya 5,000, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Ukiwa unanung'unika juu ya injini yako kwenye mlima wa Kigali, mkumbuke aliyeupanda kwa miguu yake.

Je, wajua kwamba chupa ndogo ya pilipili inayotoka kwa matone, akabanga, inatoka kwenye kijiji cha kando ya barabara ya Kigali kwenda Musanze? Kijiji ni Nyirangarama, wilayani Rulindo. Sina Gérard alianza hapo mwaka 1983 kwa kuuza maandazi kwa wapita njia. Leo ana kiwanda, juisi, mikate na mashamba, na karibu kila gari la abiria linasimama. Nunua mshikaki wa mbuzi na kiazi cha kuchoma, dondosha tone moja la akabanga. Moja! Kwa mtoto, hata hilo moja usidondoshe.

Baada ya hapo hewa inabadilika. Musanze iko chini ya volkano za Virunga, na kuta za mashamba zimepangwa kwa mawe meusi yaliyowahi kuwa moto. Udongo wake ndio unaozaa viazi vyekundu vya Kinigi, na kandokando ya hifadhi utaona maua meupe ya pareto. Vaa sweta. Mlima Karisimbi, mrefu kuliko yote nchini, wakati mwingine asubuhi unaonekana umepakwa weupe wa mvua ya mawe.

Je, wajua kwamba watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata sokwe wakubwa wa milimani? Na kibali cha mtalii wa kimataifa ni dola 1,500 kwa saa moja, katika kundi la watu wasiozidi wanane. Familia nyingi zinasikia hilo na kuifuta Musanze kwenye orodha. Ni kosa. Kinigi kuna kituo cha Mfuko wa Dian Fossey, kilichofunguliwa 2022, na kuingia ni bure. Mnaona mifupa, mnasikia sauti za sokwe, mnaelezwa jinsi wafuatiliaji wanavyomtambua kila mmoja kwa mikunjo ya pua yake, mnaingia katika mfano wa kibanda alichoishi Fossey, mtafiti wa sokwe aliyeanzisha kambi ya Karisoke mwaka 1967 na kuuawa humo Desemba 1985. Sokwe wa milimani wote duniani walihesabiwa kuwa 1,063, kwa takwimu za sensa iliyotangazwa miaka michache iliyopita, na wote wanaishi Rwanda, Uganda na Kongo. Mtoto wa miaka minane anatoka hapo akijua zaidi ya watalii wengi waliolipa.

Karibu na hapo kuna maziwa pacha, Burera na Ruhondo. Burera liko juu ya mwenzake kwa karibu mita 100, na maji yanayoshuka kutoka moja kwenda jingine yanaendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Barabara ya kuyazunguka ni ya vumbi. Ukiwa na gari la chini ulizia hali yake kabla.

Je, wajua kwamba miji utakayoiona kwenye vibao si ile watakayokutajia abiria? Majina yalibadilishwa mwaka 2006. Ruhengeri ni Musanze, Gisenyi ni Rubavu, Kibuye ni Karongi, Butare ni Huye, Cyangugu ni Rusizi. Watu wazima wanatumia yote mawili, wakati mwingine kwenye sentensi moja.

Rubavu ina ufuo wa mchanga wa kuogelea katika Ziwa Kivu na iko bega kwa bega na Goma. Kabla ya kwenda huko uliza hali ya usalama ya upande wa pili, maana mambo ya Goma yanabadilika haraka. Mimi familia ningeipeleka Karongi, katikati ya mwambao, kwa barabara ya lami inayofuata ziwa, yenye kona juu ya kona na Kivu ikijitokeza na kujificha chini yako.

Je, wajua kwamba chini ya Ziwa Kivu kuna gesi nyingi ya methani na kabonidioksaidi iliyoyeyuka ndani ya maji? Ziwa Nyos la Kameruni ni la aina hiyo hiyo, na mwaka 1986 gesi yake ilipochomoka iliua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, ndiyo maana wataalamu wanaifuatilia. Rwanda inaivuta gesi hiyo na kuifanya umeme: kule Karongi mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa 2016, unanyonya maji kutoka kina cha zaidi ya mita 300 na kuzalisha megawati 26. Mtambo wake unaonekana ukielea majini. Mtoto anayesoma sayansi atauliza maswali kumi, jiandae.

Lakini usiku wa Karongi ni wa sambaza. Jioni, jua likikaribia kuzama, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa magogo inasukumwa majini. Mbele na nyuma ya kila kundi miti mirefu ya mkaratusi imechomoza, imepinda kidogo, nyavu zimening'inia katikati. Wavuvi wanapiga makasia huku wanaimba, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kasia linaingia majini penye kiitikio. Giza likishaingia wanawasha taa. Samaki wanaifuata nuru, nyavu zinainuliwa. Asubuhi wanakuwa kwenye sahani, wamekaangwa wakavu, na ndimu. Mtu wa Kigoma akiwaonja atawajua mara moja, na hatakosea: sambaza waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Uvuvi hufungwa kwa muda kila mwaka ili wazaane, kwa hiyo uliza kabla hujawaahidi watoto.

Asubuhi hiyo hiyo kodi boti mwende kisiwa kinachoitwa Kofia ya Napoleon. Kimejaa popo walao matunda, maelfu, na mwendesha boti akipiga makofi wanafunika anga.

Je, wajua kwamba pale Nyanza, kama kilomita 90 kusini mwa Kigali, ng'ombe wanaimbiwa? Ni inyambo, ng'ombe wa kifalme. Pembe zao zinapanda juu na kupanuka hata unajiuliza shingo inazibebaje. Wanapamba jumba la makumbusho la mfalme, lenye nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa upya kwa mtindo wa karne ya 19. Nyuma yake kuna kibanda cha maziwa na kibanda cha pombe. Pembeni ni jumba la kisasa la Mutara wa Tatu Rudahigwa, la miaka ya 1930. Mfalme huyo alifariki ghafla Bujumbura mwaka 1959.

Inyambo wakitolewa nje, mchungaji hapigi fimbo wala hafoki. Anasimama karibu na shingo ya ng'ombe, anampangusa, anaanza kumsifu kwa sauti ya chini, na mnyama mzito kama yule anatulia, anateremsha kichwa, anamfuata. Mtoto mmoja niliyekuwa naye, aliyezoea kuona ng'ombe wakiswagwa kwa viboko mnadani, aliuliza, "Babu, kwani anaelewa?" Mchungaji akamjibu kwa Kiswahili cha kuchapia, "Anaelewa, mjukuu wangu. Sema naye pole pole." Kabla ya kuondoka Nyanza ingia kwenye duka la maziwa mnywe mtindi, ikivuguto, kwa glasi kubwa. Utaona wanaume wazima wamekaa asubuhi wakinywa maziwa kama wengine wanavyokunywa bia, na ni jambo la heshima kabisa.

Huye kuna makumbusho ya mila na maisha ya Wanyarwanda, yaliyofunguliwa 1989. Mvua ikiwakuta, saa mbili zitapita humo bila mtu kulalamika.

Je, wajua kwamba ukitoka Huye kwenda Rusizi lami inapita katikati ya Msitu wa Nyungwe, uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2023? Una kilomita za mraba 1,019 na aina 13 za nyani, tumbili na sokwe. Kima wengine huwa kandoni mwa barabara, kwa hiyo kioo kifungwe na ndizi zifichwe. Pale Uwinka kuna daraja la kuning'inia la mita kama 160, lililofunguliwa 2010, linalopita juu ya vilele vya miti. Chini yako ni mita zaidi ya 50. Uliza umri unaoruhusiwa kabla ya kukata tiketi, na anayeogopa asilazimishwe. Usiupite msitu usiku. Kuna ukungu, kuna malori, na mji wa karibu uko mbali.

Humo ndani ndimo mgongo wa Afrika unamogawanya mvua. Tone likianguka upande wa mashariki linaingia Rukarara, linakwenda Nyabarongo, linapita chini ya daraja unalolivuka ukitoka Kigali kuelekea Muhanga, linakuwa Akagera, linaporomoka Rusumo, linapita Kyaka, linaingia Ziwa Viktoria na hatimaye Misri. Richard Kandt, Mjerumani aliyekuja kuianzisha Kigali mwaka 1907, aliifuata Rukarara mwaka 1898 akidai hapo ndipo Nile inapoanzia. Tone likianguka upande wa magharibi linashuka Kivu, linatoka kwa Mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, kisha Kongo, kisha Atlantiki. Mwambie mtoto amwage chupa ya maji kila upande wa barabara achague bahari.

Ukivuka msitu unapita mashamba ya chai ya Gisakura, yaliyochongwa sawasawa hadi kwenye ukingo wa miti, halafu unaanza kushuka. Kama bado mna nguvu msiishie Rusizi mjini. Endeleeni kusini mpaka Bugarama, kona ya nchi iliyopakana na Burundi na Kongo kwa pamoja. Bonde la Mto Rusizi hapo lina mita 950 tu juu ya usawa wa bahari, ndiyo sehemu ya chini kabisa Rwanda. Kuna mpunga, miembe, kiwanda cha saruji na joto kama la Kigoma. Wali wake utafuteni sokoni, na bei iulizeni kwa Kiswahili. Hapo hakuna atakayekosa kuwaelewa.